Nguzo ya Mifereji Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimebomoa hekalu zima kabla ya chai ya saa nne. Peke yangu! Kwa koleo na kijiko.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumsimulia. Fundi matairi wa hapo dirishani nikimwambia nimevunja nguzo kumi na moja, anauliza za nyumba ya nani. Watu hawajui kazi. Mjomba anatengeneza vijidunia juu ya ubao — watu wa bati, urefu wa kidole, pamoja na mahali pao pa kusimama. Watu ni wake. Mahali ni pangu. Safari hii mahali ni magofu ya hekalu la kale, lile la nguzo za mawe zenye mifereji kutoka juu hadi chini, na askari thelathini na wawili waliochoshwa na vita wamejitupa humo kupumzika. Mteja ni daktari wa meno. Anautaka mzigo tarehe 29, siku anayostaafu, auweke sebuleni akae autazame mpaka achoke mwenyewe.

Nguzo nazitengeneza tangu mwanzo. Plasta ndani ya kalibu, ikishika naitoa, nachonga mifereji mmoja mmoja kwa msumari niliopinda na kunoa kwa mkono wangu. Ishirini kila nguzo. Mjomba ana wazimu na hiyo ishirini! Alikuwa anaweza kusimama kule mlangoni, akanyoosha shingo, akasema ile ya tatu ina kumi na minane, rudia. Na ukihesabu, kweli.

Ukishachonga ndipo unavunja. Hapo wengi wangelia. Siku tatu umeinamia kitu, halafu unakibana na koleo — krak! Ukivunja plasta ikiwa kavu inatoa ukingo mkali kama sahani. Ikiwa bado ina maji inachanika kama mkate. Jiwe la kale liko katikati ya hapo. Mimi hiyo katikati naijua kwa kunusa. Sijisifu. Najua tu.

Yule mwalimu wa hesabu aliyesema sitafika popote, aje ahesabu mifereji. Tena aje na rula.

Jumanne, 4 Juni

Nimerudishwa nyuma.

Nguzo zilizoanguka nilikuwa nimezilaza nilivyopenda, hii huku, ile kule, nyingine juu ya mwenzake kama kuni. Zinapendeza! Mjomba akapitisha kiganja juu ya ubao wote, polepole, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye unga. Akauliza tetemeko lilitoka wapi. Nikasema tetemeko gani? Akasema kama hujui nini kimeliangusha hekalu lako, basi hujaliangusha, umelimwaga. Ardhi ikitikisika nguzo zinalala upande mmoja, vipande vinafuatana kama mkate uliokatwa.

Nimezing'oa zote. Gundi imeondoka na ngozi ya kidole gumba.

Mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba, kwa hiyo tukizozana mtu wa nje hajui mkubwa nani. Mkazamjomba alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasema, "Nyie wajomba wawili, aliyekosa aombe radhi, mnanizibia njia." Hakuna aliyeomba. Akapita kwa kutusukuma na beseni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemfanyia Mjomba kitu. Nacheka mpaka naandika upogo.

Nguzo ya mbele kabisa, ile itakayosimama nzima — nimeichonga mifereji kumi na tisa. Makusudi! Kila mfereji nimeupanua kidogo tu ili isijulikane. Ni kazi ngumu kuliko ishirini, kwa taarifa. Nilitaka kuona atachukua dakika ngapi kunigundua. Nikamwekea mezani saa tatu, jua limeingia dirishani lote. Nikajifanya natafuta msasa.

Akaishika. Akaizungusha. Akaisogeza mpaka karibu na pua, kichwa kakilaza upande kama kuku anayeangalia mwewe. Akasema, "Safi, mjomba. Ishirini, na imekaa sawa."

Ishirini! Nilitoka mbio nikamwage kicheko kwa fundi matairi. Nikamweleza yote, mfereji kwa mfereji. Hakucheka. Akauliza tu, mzee wako ana miaka mingapi sasa? Wengine hawana ucheshi kabisa, wanashinda wanavuta harufu ya mpira.

Kesho nitamwambia Mjomba. Nataka nimuone sura.

Ijumaa, 7 Juni

Sijamwambia.

Asubuhi alijigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango. Nikakumbuka jana aligonga hilohilo. Na juzi. Pale kwenye fremu rangi imesuguka mpaka mbao inang'aa, nami siku zote nikidhani ni watu kupita na mizigo. Kumbe ni yeye.

Saa nne akauliza kama chai imeletwa. Kikombe kilikuwa mbele yake, kinatoa moshi.

Jumamosi, 8 Juni

Mjomba alikwenda kunyoa. Nikafungua kabati la watu.

Kabati hilo sigusi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya chumba hiki, kabla hata ya kunawa mikono. Humo anaweka watu waliokwisha kupakwa rangi, kila mmoja kabandikwa kwenye kizibo cha soda. Walikuwa kumi na wanane. Nikachukua lenzi.

Wa kwanza sawa. Wa pili jicho lake liko shavuni. Nikadhani ni doa. Nikafuta lenzi kwa shati, nikatazama tena. Jicho. Limechorwa kwa ufundi wote, weusi na weupe wake, lakini shavuni. Wa tano, mdomo uko kidevuni. Wa tisa ana macho mawili mazuri sana, yote mawili kwenye ukingo wa kofia ya chuma. Na mwanga! Yeye mwenyewe ndiye aliyenipiga kofi la kisogo kwa ajili ya mwanga: jua letu linatoka juu kushoto, siku zote, kwa kila mtu na kila jiwe. Askari wake hawa wana mapambazuko kushoto na mapambazuko kulia.

Nikamshusha mmoja wa rafu ya juu, wa miaka mitatu iliyopita. Mpiga tarumbeta. Uso wake mdogo kuliko punje ya mtama, na bado unaona kwamba kuna mtu amemwita jina sasa hivi.

Nilitaka kucheka. Nilijaribu kabisa.

Babu, baba yake Mjomba, alimaliza miaka kumi kwenye kiti ukutani, anauliza nani amepita. Mama mpaka leo anarudia maneno aliyoambiwa hospitali: mngemleta mapema. Nilikuwa mdogo. Nilikuwa namtia Babu kitu mkononi na kumdanganya — kitunguu, namwambia yai. Alikuwa anacheka sana. Leo ndiyo mara ya kwanza kujiuliza alikuwa anacheka nini.

Jumatatu, 10 Juni

Kila asubuhi Mjomba anamsindikiza mkewe hadi kituo cha basi. Zamani alikuwa anarudi baada ya dakika ishirini. Siku hizi inafika saa nzima. Saa hiyo ni yangu.

Nafuta uso wa askari kwa pamba na spiriti. Naanza na giza la jicho, weupe unafuata pande mbili, kwa sababu ukianza na weupe mtu anakuwa kama ameona nyoka. Brashi ya nywele tatu. Unabana pumzi, unaweka, unaachia pumzi. Juzi wawili, leo wanne. Na nimeweza! Siyo kama yeye, sitasema kama yeye. Lakini huyu wa leo aliyeegemea nguzo ana usingizi, ukimtazama unapiga miayo.

Na sina wa kumwambia. Mimi! Mimi niliyewatangazia mtaa mzima siku nilipojifunza kuchanganya plasta bila mabonge. Nikimwambia fundi matairi atamwambia kinyozi, na kinyozi akijua, wamejua hata wasio na nywele.

Nimekaa na sifa zangu tumboni. Zinauma kama njaa.

Jumatano, 12 Juni

Daktari wa meno amekuja kukagua. Mtu mrefu, anainama mlangoni, ananukia karafuu. Alikuja na kile kioo chake kidogo chenye mpini, kile cha kuchungulia magego. Akawa anakipitisha nyuma ya nguzo moja moja. "Huku nyuma hakuna atakayeona, na bado mmechonga," akasema. Nikasema, "Daktari, hata jino la nyuma si linapigwa mswaki?" Akacheka mpaka nikaona yake yote. Kwa mtu wa kazi ile, hayatishi.

Kisha akaomba kuwaona watu. Mjomba akafungua kabati mwenyewe, akamtolea mmoja mmoja. Daktari akawageuzageuza kwenye mwanga. Akasema, "Mzee, nina kazi zako sita nyumbani. Nyuso hizi hujawahi kuzichora. Huyu aliyesinzia! Umefanyaje?"

Mimi nilikuwa nakanda plasta. Mkono ukasimama.

Mjomba akachukua yule aliyesinzia. Akampitisha kidole gumba usoni, taratibu. Akamsogeza puani, akanusa. Rangi ilikuwa ya juzi tu, bado inanuka.

"Nimebadilisha brashi," akasema.

Daktari alipoondoka Mjomba akafunga kabati na funguo akatia mfukoni. Plasta ilikuwa imekaukia ndani ya bakuli, nimeivunja kwa nyundo.

Alhamisi, 13 Juni

Ameniambia nifunge mlango. Nilijua nafukuzwa.

Akauliza, "Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Walikuwaje?"

Nikasema walikuwa wazuri, mjomba, nilirekebisha vitu vidogo tu. Akasema, "Wewe una mdomo wa kuuzia paa lililotoboka, na leo ndiyo unashindwa kusema uongo? Walikuwaje?"

Nikamwambia. Shavu, kidevu, kofia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vyake vilivyoibiwa.

Jicho la kulia lilizimika mwaka jana. Hakumwambia mtu. La kushoto lilianza kama mtu kahemea kioo. Alidhani ukungu utaondoka. Hauondoki, unaongezeka. Kazi anaifanya kwa mazoea ya mkono. Mkono unajua uso ulipo, akasema, tatizo ni kwamba siku hizi uso hauji mkono unapokwenda.

Nikataja hospitali. Akanikatiza. Wakimshika watamlaza, wakimlaza kazi haitoki, na mkewe akijua ataufunga mlango huu milele — alimuuguza Babu kwa mikono yake, hataki kusikia habari ya macho. Basi ninyamaze mpaka ubao utoke tarehe 29. Baadaye atakwenda mwenyewe. Ameapa.

Nami nikasema sawa, ila nyuso zote zilizobaki nichore mimi.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mtu anakuambia anapofuka, wewe unaomba brashi yake. Akanipa. Iko kwenye kisanduku cha bati, mpini umelika mahali pa kidole chake.

Jumamosi, 15 Juni

Hana tena siri, kwa hiyo ananifundisha kwa sauti. Tangu asubuhi hajanyamaza. Ananishika kidole, anakipitisha kwenye nguzo iliyolala: "Huku juu mvua imekula, mifereji inakaribia kupotea. Sasa pitisha chini, kwenye kivuli. Bado mikali, sivyo? Mvua haikufika. Mtu asipoona hilo hatajua kwa nini, lakini hataamini jiwe lako." Kisha ufa unaanzia wapi. Kisha majani yanaota upande upi. Rangi ya jiwe si kijivu, ni asali iliyochafuka. Anasema kitu, anakirudia, ananiuliza nimesema nini.

Anafundisha kama mtu anayehama kesho.

Nguzo ya mifereji kumi na tisa bado imesimama mbele. Naogopa kuigusa. Nikiitoa atauliza kwa nini.

Jumapili, 16 Juni

Hatufanyi kazi. Mkazamjomba ameniuliza kwa nini nimekuwa mpole, kama naumwa.

Jumatatu, 17 Juni

Saa nne asubuhi. Dirisha wazi, jua liko mezani. Taa ya juu ya meza inawaka pia, ile kali, mpaka plasta inaumiza macho. Mimi nachora mkono wa mtu. Mjomba anauliza:

"Mbona umezima taa?"

Nikaitazama taa. Nikamtazama yeye. Alikuwa ameinua uso kabisa kuelekea kwenye mwanga, macho wazi, anasubiri jibu.

Nikasema, "Balbu imeungua, mjomba."

"Ah. Kanunue nyingine."

Nikaenda. Nilitembea mpaka dukani nikanunua balbu ya taa isiyo na ubovu. Nikarudi, nikapanda kiti, nikaifungua nzima, nikafunga nzima, nazungusha kwa nguvu ili asikie ile sauti ya kukwaruza. Nikashuka. "Haya, imewaka."

Akasema, "Ahaa. Sasa naona vizuri."

Tukaendelea na kazi.

Jumanne, 18 Juni

Ile balbu nzima niliyoitoa nilitupa kwenye ndoo ya takataka. Mjinga mimi! Ningeitupa kwa fundi matairi, ningeitupa barabarani, ningeila. Mkazamjomba kaiona. Mwanamke ambaye hata kizibo hakitupi kabla hajakijaribu kwenye chupa nyingine. Kaipeleka jikoni, kaifunga — ikawaka.

Akanikuta uani nasuuza kalibu.

"Balbu hii ina ubaya gani?"

"Ilikuwa inapepesa, mama."

"Inapepesa. Mbona jikoni imetulia?"

"Labda imepona."

Kwa kawaida hapo angecheka na kunirushia kitu. Hakurusha. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaishika balbu kwa mikono miwili. "Nilimlisha baba mkwe kwa kijiko miaka kumi," akasema. "Namjua mtu anayesikiliza kikombe kiko wapi. Jana usoni kwake sahani imepita, hakuifuata. Wewe unashinda naye humo. Nitazame. Anaona?"

Ilikuwa ni kusema tu. Neno moja, tena fupi. Mimi mwenye maneno.

Nikasema, "Anahitaji miwani."

Akanitazama mpaka nikaanza kuhesabu matundu ya kalibu. Akasimama. Alhamisi kliniki ya macho. Ataingia naye mpaka ndani, akae aone kwa macho yake anavyosoma ule ubao. Akisoma, basi, watamwandikia miwani na yeye ataomba radhi kwa kelele zake. Asiposoma, chumba kile anakifunga siku hiyohiyo, na hospitali kubwa watakwenda hata kwa kumbeba. Na mimi niende pia, kwa sababu mimi ni shahidi.

Shahidi wa nini, sikuuliza.

Chumba kikifungwa, mimi ni nani? Kijana wa kidato cha pili na nusu anayejua kuvunja nguzo. Nitaandika barua ya kazi niseme hivyo? Ninavunja vizuri sana, tafadhali niajirini.

Jumatano, 19 Juni

Asubuhi Mjomba hakunijibu salamu. Nikajua ameambiwa. Nikakaa na watu wangu, nikachora kisigino. Saa tano akasema bila kunigeukia, "Kata E."

"Nini?"

"Herufi E. Kwenye karatasi ngumu. Kubwa."

Ule ubao wa kliniki anaukumbuka tangu alipopimwa mwaka juzi. Ni E tupu, kubwa mpaka ndogo, na kila moja meno yake yameelekea upande wake. Mpimaji anaigusa kwa kijiti, wewe unaonyesha kwa mkono — juu, chini, kulia, kushoto. Mimi nitakaa nyuma yake. Meno yakiwa juu, nikohoe mara moja. Chini, mara mbili. Kulia, nisafishe koo. Kushoto, nivute kamasi.

Nikasema, "Mjomba, watanilaza mimi."

Akacheka! Mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Tukafanya mazoezi. Nikawa naishika E juu ya kichwa, nageuza, nakohoa, anaonyesha. Kumi kwa kumi. Ishirini kwa ishirini! Nikaanza kuongeza madoido, nakohoa kama mzee wa kanisani, nakohoa kama gari linalokataa kuwaka, yeye anapiga meza na machozi yanamtoka. Fundi matairi akachungulia dirishani kuuliza nani anakufa. Mkazamjomba alirudi kutoka kazini akatukuta bado tunacheka. Akasema haya, na kifua nacho kimekuingia? Nikasema ni vumbi la plasta.

Ila kuna kitu. Mara ya mwisho nilichoka, nikaiweka E mezani, nikaenda kukaa dirishani. Nikakohoa kweli — vumbi kweli. Mjomba akanyoosha mkono juu, haraka, kama mwanafunzi mzuri. Alikuwa ameugeukia ukuta nilipokuwa nimesimama mwanzo. Hakuna kitu pale. Akabaki ameunyoosha mkono, anangoja nimwambie amepata.

Nikamwambia, "Umepata."

Alhamisi, 20 Juni

Naandika hapa kwenye benchi la kliniki. Ukuta umepakwa kijani mpaka kifuani, juu mweupe. Mbele yetu wamebaki watu wawili: mama mwenye mtoto aliyefungwa jicho moja, na mzee anayelala.

Mlango wa chumba cha kupimia haufungi vizuri. Kila anayetoka unajirudia nusu, nami nauona ubao kutoka hapa nilipo. Nimeushika wote. Mstari wa kwanza kulia. Wa pili chini, kushoto. Wa tatu juu, kulia, chini. Mpaka ule mdogo wa mwisho ambao hata muuguzi lazima anabahatisha. Macho yangu ni mazuri kupita kiasi. Natamani kumwambia mtu.

Mjomba kavaa shati la kwenda harusini. Amekaa katikati yetu, mikono juu ya magoti. Vidole vinacheza kidogo, nimevitazama: vinachonga. Msumari chini, vuta, geuza, chini, vuta. Amenisogelea akanong'ona, "Koo liko sawa?"

"Liko sawa, mjomba."

"Usifanye madoido."

"Sifanyi."

Mtoto aliyefungwa jicho kaingia na mama yake. Wametoka. Mama analia huku anacheka. Muuguzi anamwambia nje hapa mlangoni, bahati yako umemleta mapema. Mjomba alisikia. Najua alisikia kwa sababu vidole vilisimama. Kisha vikaanza tena.

Tarehe 29 ni siku tisa tu. Siku tisa si kitu. Askari waliobaki ni sita, nikikaza nawamaliza kwa siku nne. Nguzo zote ziko tayari. Siku tisa mtu anavumilia hata jino. Baadaye atakwenda, ameapa. Ninayaandika haya nione kama yatanyooka yakiwa kwenye karatasi.

Jumatatu alikuwa anaiona taa. Jumatatu ile nyingine, nasema, tarehe 10. Aliniambia niigeuze kidogo, inamchoma. Kati ya hapo na balbu ni siku saba.

Mzee aliyelala ameamshwa, ameingia. Sasa ni sisi.

Nimekohoa — kujaribu tu, kidogo. Mkazamjomba kageuka. Kafungua mkoba wake, kapekua chini kabisa, akanipitishia pipi ya koo mbele ya tumbo la mumewe. "Chukua. Umekohoa jana kutwa. Usije ukamsumbua daktari humo ndani, akashindwa kumpima mwenzio vizuri."

Mjomba amesikia karatasi ya pipi ikichakarika. Kanigeuzia uso. Anatazama sikio langu, anadhani ni macho.

Nimeimenya. Imeanza kunata vidoleni.

Mzee ametoka. Muuguzi anasoma jina, anarudia, anasema mzee na msindikizaji wake karibuni. Mkazamjomba amesimama, anavuta gauni. Nimeitia pipi mdomoni. Kali, inapanda mpaka puani, koo lote limelainika. Mjomba amenyoosha mkono atafute wa kumshika, ameupita mkono wa mkewe, amelipata bega langu, ananibana —